Kompyuta Zipo, Makubaliano Bado: Dunia Inavyoshirikiana Kuuchunguza Ubongo

Oktoba 2024 jarida la Nature lilichapisha ramani kamili ya ubongo wa inzi wa matunda aliyekomaa: seli za neva 139,255, pamoja na sinapsi, yaani maungio ya mawasiliano baina ya seli hizo, zaidi ya milioni 50. Inzi huyu ndiye yule mdogo anayezengea ndizi zilizoiva jikoni. Ubongo wake haufiki upana wa milimita moja.

Hakuna maabara moja inayoweza kujidai kuwa ndiyo iliyoifanya kazi hiyo. Ubongo ulikatwa vipande vyembamba zaidi ya 7,000 na kupigwa picha kwa hadubini ya elektroni huko Janelia, jimbo la Virginia. Picha zikasomwa na programu za akili unde chini ya timu ya Princeton. Kisha wakaingia watu kutoka nchi mbalimbali, wengine wanasayansi, wengine wahakiki wa kulipwa, wengine wapenzi wa sayansi waliojitolea tu, wakakaa mbele ya kompyuta zao na kurekebisha makosa ya mashine, seli baada ya seli. Kwa makadirio ya wahusika wenyewe, uhakiki huo peke yake ni kazi ambayo ingemchukua mtu mmoja miaka 33.

Hayo ni ya inzi. Binadamu ana seli za neva zipatazo bilioni 86, kwa hesabu iliyochapishwa mwaka 2009 na Suzana Herculano-Houzel wa Brazili na wenzake. Ikiwa ubongo wa mdudu umewashughulisha watu wa nchi nyingi kiasi hicho, wa kwetu utahitaji ushirikiano wa namna gani?

Swali hilo lina umri wa miaka zaidi ya 30 sasa, na majibu yaliyojaribiwa ni mengi: taasisi za kimataifa, miradi ya mamia ya mamilioni ya euro, mikataba, hazina za data zilizo wazi kwa yeyote. Ukiyapanga majaribio hayo pamoja, jambo moja linajitokeza. Uwezo wa kompyuta umekua haraka kuliko wengi walivyotazamia. Kinachochelewesha safari ni makubaliano: data ziandikwe vipi, nani alipe gharama za kuzitunza, na ubongo wa nani umo ndani ya hazina hizo.

Ukubwa wa mzigo

Mwaka 1986 John White, Sydney Brenner na wenzao wa Cambridge walichapisha ramani ya neva za mnyoo mdogo anayeitwa C. elegans. Mnyoo huyo ana seli za neva 302 tu, lakini kumchora kulichukua zaidi ya muongo mmoja, sehemu kubwa ya kazi ikifanywa kwa mkono.

Mei 2024 timu ya Jeff Lichtman wa Chuo Kikuu cha Harvard, ikishirikiana na wahandisi wa Google, ilitoa ramani ya kipande cha ubongo wa binadamu chenye ukubwa wa milimita moja hivi ya ujazo. Kipande hicho kilitolewa mgonjwa wa kifafa alipofanyiwa upasuaji. Ndani yake zilionekana seli 57,000 na sinapsi kama milioni 150, na picha zake zilijaza petabaiti 1.4, sawa na terabaiti 1,400. Ubongo mzima wa mtu ni zaidi ya mara milioni moja ya kipande hicho. Hakuna chuo kikuu chenye ghala la kompyuta la kuhifadhi kitu kama hicho.

Lakini wingi ni nusu tu ya tatizo. Ubongo unachunguzwa kwa njia zisizofanana kabisa. Mmoja anapima umeme wa seli moja kwa sindano nyembamba. Mwingine anapiga picha za MRI za kichwa kizima. Wa tatu anasoma jeni. Wa nne yuko wodini akiandika ni mara ngapi mgonjwa ameanguka kifafa mwezi huu. Kila mmoja ana vipimo vyake, mashine zake na lugha yake. Ugonjwa, hata hivyo, haujigawi kwa idara. Anayetaka kuelewa kifafa au usahaulifu wa uzeeni anazihitaji data hizo zote zizungumze, na hapo ndipo teknolojia ya habari inapoingia.

Kutoka Paris hadi Stockholm

Marekani ndiyo iliyotangulia. Mwaka 1993 taasisi yake ya taifa ya afya ya akili iliongoza mpango wa kugharamia wataalamu wa kompyuta na wa neva wafanye kazi pamoja. Miaka mitatu baadaye suala hilo lilifika Paris, kwenye Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, ambako liliundiwa kikundi kazi. Wajumbe walikubaliana kwamba kila nchi ilikuwa ikijenga hifadhi yake ya data za ubongo bila kuangalia jirani anafanya nini, na kwamba fedha za umma zilikuwa zikilipia kazi ileile mara mbili na tatu. Januari 2004 mawaziri wa sayansi wa nchi za OECD waliunga mkono pendekezo la kuunda chombo cha kuratibu. Agosti 2005 kikazaliwa kituo cha kimataifa kinachojulikana kwa kifupi INCF, makao yake yakiwa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, na mkurugenzi wake wa kwanza akiwa Jan Bjaalie kutoka Norwei.

INCF haikupewa maabara wala kompyuta kuu. Kazi yake ilikuwa kuwakutanisha watu na kuwafanya wakubaliane. Mfano ni ramani ya pamoja ya ubongo wa panya inayoitwa Waxholm, kwa jina la mji mdogo ulio karibu na Stockholm. Kabla yake, mtafiti wa Japani aliyesema ameona mabadiliko katika sehemu fulani ya ubongo, na mtafiti wa Norwei aliyetaja sehemu hiyohiyo, hawakuwa na uhakika kama wanazungumzia mahali pamoja, maana kila mmoja alitumia atlasi yake. Ramani ya Waxholm iliwapa mfumo mmoja wa kuonyesha mahali, kama latitudo na longitudo zilivyowapa mabaharia, na ikaachwa wazi itumiwe na yeyote.

Kazi za namna hii hazitangazwi kwenye habari za saa mbili usiku, lakini bila hizo hakuna linalosonga. Wala hazikukubalika kirahisi. Mwaka 2000 kituo cha kuhifadhi picha za ubongo kilifunguliwa Chuo cha Dartmouth, Marekani, na jarida moja la sayansi ya neva likawataka waandishi wake wakabidhi data zao huko. Watafiti wengi walikuja juu. Walihoji haki ya mtu aliyetumia miaka kukusanya data, siri za waliopigwa picha, na mzigo wa kuandaa mafaili ambayo hakuna aliyewalipa kuyaandaa. Kituo hicho baadaye kilisimama. Malalamiko yale hayakuwa ya uchoyo mtupu, na hadi leo yote matatu hayajapatiwa dawa kamili.

Mwaka wa ahadi kubwa

Mwaka 2013 wanasiasa waliingia uwanjani. Aprili, Rais Barack Obama alitangaza mpango wa Marekani uitwao BRAIN, ukianza na dola milioni 100. Oktoba mwaka huohuo Umoja wa Ulaya ukazindua Mradi wa Ubongo wa Binadamu, wa miaka 10. Japani ilifuata mwaka 2014, kisha Korea Kusini, China, Australia na Kanada zikaja na mipango yao. Mwishoni mwa 2017, mjini Canberra, wawakilishi wa mipango hiyo walitia saini tamko la kushirikiana.

Mradi wa Ulaya unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu umefunza zaidi kwa makosa yake kuliko miradi mingine kwa mafanikio. Mwanzilishi wake alikuwa Henry Markram wa taasisi ya EPFL, Lausanne, Uswisi. Mwaka 2009 alisimama jukwaani Oxford na kusema kwamba ubongo wa binadamu ungeweza kuigwa ndani ya kompyuta kuu katika muda wa miaka 10. Ahadi hiyo ilivutia viongozi na fedha zikapatikana. Lakini Julai 2014, kabla mradi haujatimiza mwaka, zaidi ya wanasayansi 150 walituma barua ya wazi Brussels, na waliotia saini hatimaye wakafika kama 800. Walisema uongozi umejifungia, malengo ni finyu, na utafiti wa fikra na tabia umeenguliwa ili kupisha uigaji wa kompyuta. Akateuliwa msuluhishi, Wolfgang Marquardt. Ripoti yake ya Machi 2015 iliafiki sehemu kubwa ya malalamiko, na uongozi ukabadilishwa.

Baada ya hapo mradi ulibadili mwelekeo kimyakimya. Ndoto ya ubongo ndani ya kompyuta iliwekwa pembeni, nguvu zikaelekezwa kwenye miundombinu. Ulipofungwa Septemba 2023, baada ya kutumia takriban euro milioni 600, kilichobaki ni EBRAINS: jukwaa la Ulaya lenye atlasi za ubongo, data zilizopangwa, programu na njia ya kuzifikia kompyuta kuu. Ndani yake imo kazi ya Katrin Amunts wa Jülich, Ujerumani, ambaye pamoja na Alan Evans wa Montreal alitoa mwaka 2013 ramani ya BigBrain. Hiyo ilitokana na ubongo wa marehemu mmoja, mwanamke wa miaka 65, uliokatwa vipande 7,404, kila kimoja kikiwa na unene wa mikromita 20.

Si haki, basi, kusema mradi ule ulishindwa. Kilichoanguka ni ile sehemu iliyokuwa ya mtu mmoja na ndoto yake. Kilichosimama ni ile iliyojengwa kwa kukubaliana na wengine.

Jina la faili

Haba na haba hujaza kibaba; lakini kila mwenye duka akija na kibaba chake, hakuna atakayejua kilichojaa. Utafiti wa ubongo umekaa katika hali hiyo kwa muda mrefu, na dawa yake inaanzia mahali padogo mno: jina la faili.

Tuseme mwanafunzi amepokea diski yenye picha za MRI za watu 40 kutoka hospitali ya mbali. Faili moja linaitwa "scan_mpya2", jingine "mgonjwa7_sahihi", la tatu lina tarehe tu. Mashine ilipiga picha kila baada ya sekunde ngapi? Mshiriki alikuwa amelala au alikuwa akitazama picha? Aliyejua amehitimu na kuondoka. Mwanafunzi atatumia wiki nzima kuuliza, na huenda akaishia kuiacha diski mezani.

Mwaka 2016 kikundi kilichoongozwa na Krzysztof Gorgolewski na Russell Poldrack wa Stanford kilichapisha utaratibu unaoitwa BIDS. Kanuni zake ni nyepesi. Kila mshiriki ana folda yake: sub-01, sub-02, na kuendelea. Ndani ya folda hiyo, picha za umbo la ubongo zinakaa kwenye anat, na zile za ubongo ukiwa kazini zinakaa kwenye func. Kila faili la picha lina mwenzake wa maandishi anayeeleza mashine ilivyotegeshwa. Kwa mpangilio huo, programu iliyoandikwa Montreal inazisoma data za Nairobi bila mtu kupiga simu. Waliopima umeme wa seli nao wana utaratibu wao uitwao NWB, ulioanza 2014. INCF imegeuka kuwa mahali pa kuzikagua na kuziidhinisha kanuni za aina hii.

Upangaji pekee hautoshi, maana hata njia ya kukokotoa inaweza kupotosha. Mwaka 2016 Anders Eklund wa Linköping, Sweden, na wenzake walionyesha kwamba programu maarufu za kuchambua picha za ubongo ukiwa kazini zingeweza, katika mazingira fulani, kutoa majibu ya uongo kwa kiwango cha hadi asilimia 70, ilhali kinachotarajiwa ni asilimia 5. Mwaka 2020 jaribio jingine lilitoa data zilezile, za watu 108, kwa timu 70 na kuziuliza maswali 9. Hakuna timu mbili zilizofuata hatua zinazofanana, na katika baadhi ya maswali majibu yalipishana waziwazi. Kisha mwaka 2022 utafiti mwingine, katika jarida la Nature, ukaonyesha kwamba kuhusisha tofauti za ubongo na tofauti za tabia baina ya watu kunahitaji maelfu ya washiriki. Tafiti nyingi zilizotangulia zilikuwa na makumi tu.

Matokeo hayo matatu yamelipa suala la ushirikiano uzito mpya. Zamani lilisemwa kama jambo la uungwana. Sasa limekuwa sharti la kupata jibu la kweli, kwa sababu hospitali moja haiwezi kuwapata maelfu hao, na timu moja haiwezi kujihakiki peke yake.

Njia tatu za kushirikiana

Ukiitazama miradi inayofanya kazi leo, utaona njia kuu tatu.

Ya kwanza ni kuzileta data zote mahali pamoja. Hazina ya UK Biobank ya Uingereza, yenye watu wapatao 500,000, ilikamilisha mwaka 2025 kuwapiga picha 100,000 kati yao, na watafiti wa nchi yoyote wanaweza kuomba kuzitumia. Faida yake ni nguvu ya idadi na usawa wa vipimo. Kasoro ni kwamba inahitaji nchi moja tajiri yenye mfumo mmoja wa afya, na watu waliomo ni wa nchi hiyo.

Ya pili ni kuziacha data nyumbani na kusafirisha hesabu. Huo ndio mtindo wa ENIGMA, muungano ulioanzishwa mwaka 2009 na Paul Thompson na wenzake, ambao sasa una watafiti katika nchi zaidi ya 40. Kila kituo hupewa programu ileile na maelekezo yaleyale, hukokotoa chenyewe, kisha hutuma majumuisho tu. Picha ya mgonjwa haivuki mpaka. Kwa njia hii ENIGMA imefanya baadhi ya tafiti kubwa kabisa za skizofrenia, sonona na kifafa. Kasoro yake: swali jipya likizuka, vituo vyote lazima virudie kazi.

Ya tatu ni ngumu kuliko zote: maabara nyingi kufanya jaribio moja kwa namna moja. Mwaka 2017 maabara 21 ziliunda Maabara ya Kimataifa ya Ubongo, IBL. Walikubaliana juu ya kazi moja ya panya: duara linatokea kushoto au kulia kwenye skrini, naye anazungusha gurudumu dogo kwa miguu ya mbele ili kulileta katikati. Maabara zote zilitumia vifaa vilevile, mafunzo yaleyale, na data zikaingia kwenye mfumo mmoja. Kwanza walitumia miaka kuthibitisha kwamba panya wa New York na panya wa London, wakishamaliza mafunzo, wanafanya kazi hiyo sawasawa. Septemba 2025 matokeo yalitoka: rekodi za seli 621,733 kutoka kwa panya 139 katika maabara 12, zikigusa sehemu 279 za ubongo. Zilionyesha kwamba hata uamuzi mdogo kama kuzungusha gurudumu unaacha alama karibu kila pembe ya ubongo. Maabara inayochunguza kona moja isingeliona hilo.

Ulinganisho na mradi wa Ulaya unajileta wenyewe. IBL haikuahidi kuigiza ubongo. Ilichagua swali dogo na kukubaliana hadi aina ya gurudumu.

Siri, sheria na siasa

Picha ya MRI ya kichwa ina uso ndani yake. Mwaka 2019 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walichukua picha za MRI za watu 84 waliojitolea, wakajenga upya sura zao kwa kompyuta na kuzilinganisha na picha za kawaida kwa programu ya kutambua nyuso. Programu iliwatambua 70. Kufuta jina kwenye faili, basi, si kuficha mtu. Siku hizi uso hufutwa kwenye picha kabla haijatolewa, lakini ulinzi huo nao una mipaka.

Sheria zimekuja kujaza pengo, kila nchi kwa wakati wake. Umoja wa Ulaya ulianza kutekeleza kanuni zake za ulinzi wa data mwaka 2018. Kenya na Uganda zilitunga sheria zao 2019, na Tanzania ikapitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi 2022. Sheria hizi ni za lazima, na zimeongeza uzito wa njia ya pili, ile ya kuacha data nyumbani. Zimeleta pia mkanganyiko: ridhaa aliyoitoa mgonjwa miaka 15 iliyopita kwa utafiti mmoja haimruhusu mtu kuipakia picha yake kwenye hazina ya dunia leo.

Siasa nayo haiko mbali. Mwaka 2020, janga la korona lilipofunga vyuo, watafiti walianzisha shule ya mtandaoni ya hesabu za ubongo iitwayo Neuromatch, ikapata wanafunzi kutoka makumi ya nchi. Wale wa Iran walikumbana na vikwazo vya Marekani, na waandaaji walilazimika kuomba kibali maalumu cha serikali ili wawafundishe. Fedha pia hugeuka na upepo. Bajeti ya mpango wa BRAIN wa Marekani ilishuka kutoka dola milioni 680 mwaka 2023 hadi milioni 402 mwaka 2024. Hazina ya data inayotegemea mfuko mmoja inaweza kukosa mtunzaji kwa uamuzi wa kikao kimoja cha Bunge.

Afrika Mashariki imo au haimo?

Chama cha wanasayansi ya neva wa Afrika, SONA, kilizaliwa Nairobi mwaka 1993, mwaka uleule Marekani ilipoanza mpango wake wa kompyuta na ubongo. Kwa hiyo wataalamu wa kwetu hawakuamka jana. Vifaa ndivyo vimekuwa haba barani. Uchunguzi uliochapishwa 2018 uliikuta Afrika Magharibi na mashine 84 za MRI kwa watu zaidi ya milioni 370. Penye mashine chache data ni chache, na programu za akili unde zinazofundishwa kusoma picha za ubongo zinajifunza kutoka kwa wagonjwa wa Ulaya na Marekani. Mashindano ya kimataifa ya BraTS, yanayopima programu za kutambua uvimbe wa ubongo, yalianza 2012. Sehemu ya picha kutoka Afrika iliongezwa 2023, nyingi zikiwa za Nigeria.

Hata hivyo, mifano mitatu inaonyesha kwamba mchango wa ukanda huu unaweza kuwa mkubwa.

Wa kwanza ni wa kifafa, ugonjwa ambao vijijini bado wengi wanauita wa mashetani. Vituo vitano vinavyofuatilia takwimu za wakazi, Kilifi nchini Kenya, Ifakara nchini Tanzania, Iganga nchini Uganda, Agincourt nchini Afrika Kusini na Kintampo nchini Ghana, vilitumia hojaji ileile na hatua zilezile tatu za uchunguzi, nyumba kwa nyumba, kwa watu zaidi ya 580,000. Matokeo yalitoka 2013. Ifakara iliongoza kwa watu 14.8 wenye kifafa cha degedege katika kila 1,000. Kilifi walikuwa 7.8. Hatari iliongezeka kwa watu wazima waliokutana na vimelea kama vya usubi na tegu wa nguruwe. Hapakuhitajika kompyuta kuu. Palihitajika rejesta za kaya zilizotunzwa kwa miaka mingi na makubaliano ya kuuliza maswali yaleyale.

Wa pili ni wa Blantyre, Malawi, katika Hospitali Kuu ya Malkia Elizabeth. Kwa miaka mingi Terrie Taylor na wenzake walishuhudia watoto wakifa kwa malaria ya ubongo bila kujua hasa kinachowaua. Mwaka 2008 hospitali ilipata mashine ya MRI. Mwaka 2015 matokeo ya watoto 168 yalichapishwa: kati ya 25 waliofariki, 21 walikuwa na ubongo uliovimba sana tangu walipolazwa. Uvimbe huo hubana shina la ubongo linaloendesha pumzi. Swali lililowashinda wataalamu kwa miongo lilipata jibu kwa sababu mashine iliwekwa mahali ugonjwa ulipo.

Wa tatu ni wa Mbarara, Uganda. Timu za Leiden na Delft za Uholanzi na Penn State ya Marekani zilishirikiana na Johnes Obungoloch wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kuunda mashine ndogo ya MRI isiyohitaji sumaku ya mamilioni ya dola wala heliamu ya kuipoza. Nguvu yake ya sumaku haifiki tesla 0.05, wakati mashine za kawaida hospitalini ni tesla 1.5 au 3. Vipuri vilisafirishwa, mafundi wakaiunganisha palepale Mbarara kwa siku 11. Michoro na programu zake ziko wazi. Lengo la kwanza ni watoto wenye vichwa maji, ambao daktari anahitaji kuona maji yamejaa wapi, bila kuhitaji picha ya kila mkunjo. Picha zake ni hafifu, na hapo kompyuta inasaidia kuzisafisha. Lakini programu ya kusafisha iliyofundishwa kwa vichwa vya watoto wa Ulaya inaweza kubuni kitu ambacho hakipo. Ndiyo maana data za watoto wa Uganda zinahitajika ndani ya mafunzo yake.

Maswali matatu kabla ya kutia saini

Mifano hii yote, ya inzi, ya panya, ya Ifakara na ya Mbarara, inaelekea upande mmoja. Ushirikiano uliofaulu ulianza na swali dogo lililo wazi, ukaweka kanuni za data kabla ya kuzikusanya, na ukawapa waliokusanya nafasi ya kuchambua. Uliokwama ulianza na ahadi kubwa, ukaacha kanuni zije baadaye.

Vyuo vikuu na hospitali zetu vitaendelea kupokea mialiko ya miradi ya ubongo, maana dunia imetambua kwamba inahitaji watu wa aina zote katika hazina zake. Mialiko hiyo ni ya kupokelewa. Lakini kabla ya mkuu wa idara kutia saini, kuna maswali matatu ya kuuliza mezani.

La kwanza: fedha za mradi zikiisha, data zitakaa wapi, na nani atalipia umeme wa mashine inayozihifadhi? La pili: mtu anayezisafisha na kuzipanga ameajiriwa na nani, na jina lake litakuwemo kwenye makala itakayochapishwa? Kazi hii ndiyo iliyowakera watafiti mwaka 2000, kituo cha Dartmouth kilipofunguliwa, na bado mara nyingi inaachiwa wanafunzi bila malipo. La tatu lina uzito kuliko yote: baada ya swali la wafadhili kujibiwa, nani ana ruhusa na uwezo wa kuuliza swali la pili kwa kutumia data zilezile? Daktari wa Mbale, Uganda, anaweza kuwa na swali ambalo mtu wa Boston hajawahi kulifikiria, na data za kulijibu zikawa tayari zimekusanywa kutoka kwa wagonjwa wake mwenyewe.

Mradi wenye majibu mazuri kwa maswali hayo unafaa hata kama hauna kompyuta kuu. Usio na jibu kwa la tatu ni wa kuchota data, hata kama mkataba wake umeandikwa "ushirikiano" kila ukurasa.